Mleta uzi, usiende kambi hiyo: mawazo hayafutwi

Mleta uzi, kaidai pesa yako. Leo hii, kabla hujalala. Umeandika kwamba tangu mama afariki, miezi mitatu sasa, usingizi umekukimbia. Kila usiku unakaa kitandani saa nzima umefumba macho, unajaribu kutafakari (meditation) ili "kufuta mawazo", hayafutiki, na sasa umeshalipa nusu ya kambi ya ukimya ya siku tatu ukafundishwe kuyafuta. Nimesoma mara mbili na mikono inanitetemeka, maana maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2019. Maswali yako ya kukaa sakafuni au kwenye kiti, mchana au usiku, nitayafikia. Kwanza hili.

Mimi nilifiwa na baba. Nikawa naamka saa tisa usiku, nakodolea dari mpaka adhana. Mwenzangu wa kazini akanipeleka kwa mwalimu mmoja, simtaji, aliyekuwa na darasa la jioni hapa Dar na kambi za mwisho wa wiki kwenye nyumba ya kukodi upande wa Bagamoyo. Siku ya kwanza akatuambia akili iliyotulia ni ile isiyo na wazo hata moja. Nilimwamini papo hapo, na sababu naijua. Kwa Kiswahili chetu, ukisikia "siku hizi fulani ana mawazo", hudhani amekuwa mwanafalsafa. Unajua ana dhiki. Kwa hiyo ukimwambia mfiwa kwamba utamwondolea mawazo, anasikia utamponya. Halafu jambo lenyewe tunaliita kutafakari, yaani kufikiri kwa kina! Unaagizwa utafakari na papo hapo usifikiri. Ningelikaa na maneno hayo mawili kwa dakika moja ningeligundua hayakai pamoja.

Basi nikaanza vita. Wazo likija nalipiga, na kule kulipiga nako ni wazo, nalipiga na hilo. Taya limekaza, mabega yamepanda karibu na masikio, kucha zimeingia viganjani. Saa ikiisha nimechoka kama mtu aliyebeba zege kutwa. Nilipomweleza mwalimu, akasema sijajituma vya kutosha, njoo kambini. Laki tatu na themanini, chakula ndani.

Hapa nisikilize vizuri.

Usiku wa pili alituketisha sakafuni, watu kumi na wawili, taa zimezimwa. Akatuamuru tupumue harakaharaka kwa mdomo bila kupumzika, kisha tubane pumzi, kisha tena, "mpaka mawazo yafe". Dakika kama kumi hivi, midomo ikaanza kufa ganzi. Ikafuata ncha za vidole. Halafu vidole vikajikunja vyenyewe, gumba likaingia ndani ya kiganja, nikawa nanyoosha havinyooki. Kifua kikabana. Nikajua ndiyo safari, nafia kwenye nyumba ya watu gizani, na mwanangu yuko Kimara kwa jirani. Nikasema, "Mwalimu, nakufa." Akaja akaniwekea mkono utosini, akaniambia kwa upole kabisa: "Huo ni uchungu wa baba yako unatoka. Usiogope, ongeza pumzi."

Ongeza pumzi! Mpaka leo neno hilo linanichoma. Baadaye muuguzi wa kliniki ya afya ya akili alinieleza kwa kalamu na karatasi, wala hakuchukua muda. Ukipumua namna ile unatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Asidi ya damu inapungua, kalsiamu iliyo huru ndani ya damu inashuka, ndiyo maana midomo inakufa ganzi na vidole vinajikunja. Mishipa ya damu ya ubongo nayo inasinyaa, ndiyo kizunguzungu. Mtu wa hali ile anasaidiwa kupumua taratibu, na mimi niliambiwa niongeze. Uchungu wa baba yangu haukuwa vidoleni.

Na ingeishia usiku ule nisingeandika haya yote. Nilirudi nyumbani naiogopa pumzi yangu mwenyewe, na pumzi huwezi kuikimbia. Niko kwenye mwendokasi, niko kikaoni, nikigundua tu kwamba napumua, moyo unaanza mbio na viganja vinalowa. Nilipimwa moyo mara mbili, sukari, tezi ya shingo, vyote salama. Miezi minne nikiishi hivyo. Katikati ya hiyo miezi mkataba wangu wa kazi ukaisha na hawakuniongezea, wala siwalaumu, maana nilikuwa natoka nje ya kila mkutano. Mwalimu nilimpigia mara tatu. Mara ya tatu akanijibu, "Hukuwa tayari," akakata. Mtu aliyepokea laki tatu na themanini zangu bila kuniuliza swali hata moja la afya ndiye aliyeona sikuwa tayari.

Alipenda kusema kambi yake ni ufupisho wa zile kozi za siku kumi za vipassana, namna ya kutafakari yenye asili ya Kibudha, alizozieneza mwalimu S. N. Goenka. Nikaja kusoma mwenyewe. Kule siku tatu za kwanza kazi ni moja, kuangalia pumzi inavyopita puani kama ilivyo, ikiwa ndefu ni ndefu, ikiwa fupi ni fupi, bila kuilazimisha. Hawatozi ada, kozi zinaendeshwa kwa michango ya waliokwisha kuzimaliza. Na kabla hujapokelewa unajaza fomu inayouliza pia habari za afya ya akili. Lakini hata huko, mkuu, kukaa kimya siku kumi na kuamshwa saa kumi alfajiri si mahali pa mtu aliye kama wewe leo, hujalala na kaburi la mama bado ni udongo mbichi.

Sasa shika neno moja: kurudi. Kazi ni kurudi, basi. Dakika tano, macho wazi, hesabu umerudi mara ngapi.

Kaa kwenye kiti, hata cha plastiki, nyayo zikanyage sakafu. Sikia ubaridi wa sakafu. Utaondoka, utajikuta kwenye deni, kwenye sauti ya mama, kwenye jambo ambalo bosi alikujibu. Ukishtuka kwamba umeondoka, usijikaripie, rudi kwenye nyayo, kunja kidole kimoja. Hiyo ni moja. Siku yangu ya kwanza nilirudi mara 31 ndani ya dakika tano, nikamwambia yule muuguzi kwa aibu. Akasema, "Basi umefanya zoezi mara 31." Kwa mwalimu wangu ningekuwa nimefeli mara 31. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walichapisha utafiti ambapo watu walikuwa wakiulizwa kwa simu, katikati ya shughuli zao, akili iko wapi. Karibu asilimia 47 ya nyakati ilikuwa kwingine. Akili kuzurura si ugonjwa wako wewe.

Kuangalia pumzi yenyewe, muuguzi alinikataza kabisa mwanzoni. Akaniuliza nyumbani nafanya kazi gani ya mikono, nikamwambia nakuna nazi. Akasema basi anzia hapo. Nimekaa juu ya mbuzi, kifuu nimekishika kwa mikono miwili, nakizungusha kidogokidogo, machicha yanaanguka meupe kwenye sinia, khwaru, khwaru. Ukikaribia kifuu mlio unabadilika, unakuwa mkavu, ukipitiliza unapata vipande vya kahawia. Ukienda na mawazo, meno ya mbuzi yanakukumbusha kwenye kidole. (Mtakaosema nazi ya pakiti ipo, hiyo haimng'ati mtu.) Jumapili moja nilikuwa kwenye nazi ya pili nikagundua robo saa imepita, napumua, na siogopi. Baba alikuja, na ule ukoko wa wali wa nazi aliokuwa akiuomba kabla hatujapakua. Nikalia kidogo. Sikumfukuza, na mikono haikusimama.

Kwa hiyo kiti, na iwe mchana. Kitandani usifanye kabisa, kitanda kisizoee vita. Na miezi mitatu bila usingizi nenda kliniki, wiki hii, kabla ya mwalimu yeyote. Mtu akikwambia kaza, simama uondoke. Vidole vikianza kufa ganzi, fumba mdomo, pumua polepole kwa pua, toka nje kwenye mwanga, na usimwombe mtu ruhusa.

Kesho jioni rudi kwenye uzi huu uandike namba moja tu, umerudi mara ngapi. Nitakuwepo.