Meja asiye na jeshi

SWALI: Shikamoo Babu Fundi. Mwanangu wa darasa la sita ameniletea picha ya bingwa wa zamani wa baiskeli, Mmarekani mweusi aitwaye Major Taylor. Anashikilia kwamba baiskeli ile haikuwa na breki, nami nimembishia. Tena huyo Meja alikuwa jeshi gani? Na ni kweli alizikwa kimaskini?
Mama Neema, Shinyanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mtoto yuko sahihi, usimbishie. Baiskeli ya mbio za uwanjani haina breki, haina gia za kubadilisha, wala haina friwili. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedali nazo zinazunguka. Ukitaka kupunguza mwendo, unazizuia kwa miguu. Niliwahi kuipanda ya namna hiyo. Mapaja yaliniuma siku mbili.

Jeshini hakwenda. Jina lake ni Marshall Taylor, alizaliwa Indianapolis mwaka 1878. Alipokuwa kijana mdogo, duka la baiskeli lilimwajiri acheze michezo ya baiskeli nje ya mlango, amevaa sare ya kijeshi. Watu wakamwita Meja, na jina likamganda.

Hapo ndipo ninapotaka mtoto asikilize. Mwaka 1894 chama kikuu cha waendesha baiskeli wa Marekani kilikataa wanachama weusi. Taylor aliingia mbioni hivyo hivyo. Wapinzani walikuwa wakimbana katikati ili asipate pa kupenya, na mwaka 1897, huko Taunton, mmoja wao alimkaba koo baada ya mbio mpaka akazimia. Akajifunza kuchomoka mapema na kukaa mbele, mahali ambapo mikono yao haifiki. Mwaka 1899, mjini Montreal, akawa bingwa wa dunia wa maili moja. Kabla yake, mtu mweusi aliyekuwa bingwa wa dunia katika mchezo wowote alikuwa mmoja tu, bondia George Dixon wa Kanada.

Alikuwa Mbaptisti wa kweli, Jumapili hashindani hata umpe nini. Wafaransa walimtaka sana, na mwaka 1901 wakakubali kumpangia siku nyingine. Jijini Paris alikutana na bingwa wao, Edmond Jacquelin. Mara ya kwanza kulikuwa na baridi, Taylor akashindwa. Waliporudiana mwezi huohuo, akamshinda.

Alistaafu mwaka 1910. Fedha ikapotea kwenye biashara, afya nayo ikamwacha. Alifariki Chicago mwaka 1932 katika wodi ya wasiojiweza, akazikwa kaburi lisilo na jina. Hilo linaniuma hadi leo. Mwaka 1948 waendesha baiskeli wa zamani, kwa fedha za mwenye kiwanda cha baiskeli cha Schwinn, walimhamishia mahali pa heshima katika makaburi yaleyale.

Sasa mwambie mtoto autazame usukani katika picha yake. Kama umesogezwa mbele kwa kipande cha chuma, kipande hicho mafundi wa ng'ambo hukiita kwa jina la Taylor mpaka sasa.