Kabla Hujafungasha Fonti ya Kuandikia Programu

Wengi wakitaka kuingiza fonti ya upana sawa (kila herufi nafasi ileile) kwenye Debian, mfumo huria wa Linux, hukimbilia faili za fonti za TTF na amri za kujenga kifurushi. Mimi siku hizi naanza na leseni, maana kifurushi kikikataliwa kwa ajili yake, jasho lote limekwenda bure.

Fonti nyingi za aina hii, Fira Code na JetBrains Mono zikiwemo, ziko chini ya SIL Open Font License 1.1. Ni leseni huria, ila inamruhusu mbunifu kulihodhi jina. Ukikuta maneno "Reserved Font Name" juu ya leseni, jua kwamba ukiibadilisha fonti huwezi kuisambaza kwa jina lile bila idhini ya maandishi. Marekebisho yapeleke kwa mbunifu mwenyewe, usiyafiche ndani ya kifurushi.

Kisha tafuta chanzo, yaani faili ambazo mbunifu alichorea fonti. Debian hudai kiwepo, na mimi napenda fonti ijengwe upya humo humo. Faili la .glyphs lisikutishe: programu ya Glyphs ni ya kulipia na ya Mac tu, lakini fontmake, programu huria ya kujenga fonti, hulisoma.

Ukishajenga na kusakinisha, andika `fc-list :spacing=100 family` uone orodha ya fonti za upana sawa (100 ndiyo alama yake). Fonti yako haimo? Fontconfig, programu inayoorodhesha fonti za mfumo, haidanganyiki kwa neno "Mono" kwenye jina. Hupima upana wa herufi zenyewe. Alama moja tu iliyozidi, tuseme mshale ulioongezwa juzi, inatosha fonti nzima kuhesabiwa kuwa ya upana mchanganyiko, na baadhi ya terminali hazitaionyesha kabisa kwenye orodha. Toa jedwali la upana kwa `ttx -t hmtx` usome mstari kwa mstari: 600, 600, 600, halafu 650. Umempata mchawi. Sifuri ziache, hizo hazihesabiwi. Na ukikuta upana wa aina mbili, mmoja maradufu ya mwingine, fontconfig itaipa 90 badala ya 100. Fonti zenye herufi za Kichina ndivyo zilivyo, usihangaike kuzinyoosha.

Yaliyobaki ni mepesi. Jina la kifurushi lianze na `fonts-`, faili ziende `/usr/share/fonts/truetype`. Wala usiite `fc-cache`, amri ya kusasisha orodha ya fonti, kwenye postinst (hati inayoendeshwa baada ya kusakinisha) kama miongozo mingi ya zamani inavyoshauri: kifurushi cha fontconfig kinaiangalia saraka hiyo na kujiamsha chenyewe.