Nusu inchi ilivyonivunjia heshima Mafinga: usinunue dai ya kukatia thredi kwa kuangalia boksi

Juzi kuna dogo kanitumia meseji kutoka Makambako. "Shikamoo kaka, nataka nianze kukata thredi mwenyewe nyumbani, nimeona seti ya dai na tapu vipande 40 iko kwenye boksi la chuma, wanauza 65,000, nichukue?" Akaweka na picha. (Kwa asiyejua: thredi ni yale meno ya bolti na nati, dai ni kidude kinachoyakata kwa nje ya chuma, tapu inayakata ndani ya tundu.) Nilicheka peke yangu mpaka mama watoto akauliza kuna nini, maana lile boksi nalijua, nlikuwa nalo, sa hivi watoto wanawekea peni na rula.

Nikaanza kumjibu, meseji ikawa ndefu, nikaona bora niandike hapa maana hayuko peke yake. Najua wengi mnaonisoma mko kama nilivyokuwa mimi: kibenchi nyuma ya nyumba, vaisi moja, grenda, dril ya mkono, na kichwani ushapanga siku moja utakuwa na mashine ya kukereza na kibao cha jina lako barabarani. Hiyo ndoto ni nzuri, ila inaweza ikafia kwenye kitu kidogo kuliko kiganja.

Sasa nisikilizeni yaliyonikuta.

Mafinga ukiwa fundi chuma kazi zako nyingi zinatoka kwenye mbao, mnajua wenyewe, na misitu yote ile ya Sao Hill. Mwaka juzi mwezi wa sita, baridi ile ya kushika chuma mpaka kinauma, akaja mzee mmoja ana mashine ya kupasulia mbao, ya kizamani kabisa, ya Kiingereza. Kaleta stadi moja (kama bolti isiyo na kichwa) imelika, ndo ile inayoshikilia nyumba ya beringi ya shafti ya msumeno. Anataka nne mpya. "Mwanangu, utaweza?" Mimi kifua mbele, "Mzee wangu, kesho jioni njoo uchukue."

Nikapima unene kwa venia, nikapata milimita 12.6. Nikasema hii nusu inchi, imelika kidogo tu, maana nusu inchi ni 12.7. Mpaka hapo niko sahihi. Kwenye boksi langu dai zote za milimita, nikaenda dukani nikaomba dai ya nusu inchi, wakanipa, nikalipa, nikarudi. Pale kwenye dai pameandikwa 1/2-13 UNC. Nilisoma 1/2 nikaishia hapo. Hizo nyingine nikajua ni mambo ya kiwandani.

Nimekata stadi zangu nne, zinang'aa, nikapiga na picha nikaweka status. Kwenda kujaribu na nati ya mzee, raundi ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu inaanza kubana, ya nne imekataa. Na hapa ndo pa kuniita mjinga kabisa kwa sababu mkono uliniambia. Mkono unajua, wakuu, chuma kikikataa mkono unajua kabla ya kichwa. Mimi nikajijibu kwamba kitu kipya lazima kibane. Nikachukua spana, nikavalisha na bomba kwa nyuma ili nipate nguvu, nikazungusha, ikalia kriiii, ikaingia. Na kule kwenye bodi ya mashine nikazikaza hivohivo kwa bomba.

Siku ya nne stadi mbili ziling'oka na thredi zake. Bahati ya Mungu ndo walikuwa wanazima mashine, msumeno umeshapoa mwendo, hakuna aliyeumia, mpaka leo nikikumbuka nasikia baridi tumboni. Na kule kwenye bodi, ambayo ni chuma cha kumimina, matundu yakawa yamechanika meno, ikabidi ipelekwe Iringa mjini kwa mkereza ayatoboe upya na kuvalisha bushi. Gharama juu yangu. Mashine imelala wiki nzima na wateja wa mzee wana haraka.

Hela nililipa, hela inaisha. Kilichouma ni jina. Kuna vijana wa pale mashineni waliisikia ile habari ya nati kugoma, basi nikipita kwenye chipsi nasikia "Raundi Tatu huyo". Fundi Raundi Tatu. Mwaka mzima. Hata mtoto wangu aliniuliza baba kwa nini wanakuita hivyo.

Aliyenielewesha ni fundi mmoja mzee, mkereza wa siku nyingi, yeye hakucheka. Akachukua stadi yangu na ile ya zamani akazilaza meno kwa meno akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Meno mawili matatu yamekaa vizuri, yanayofuata yanapandana. Akasema Mwingereza anaitwa Whitworth alipanga thredi zake tangu 1841, jino lina pembe ya nyuzi 55, na kwenye nusu inchi anaweka meno 12 kila inchi. Za Kimarekani, hizo UNC, jino lina pembe ya nyuzi 60. Sasa sikilizeni hii maana ndo iliyonimaliza: kwenye robo inchi wote wana meno 20, kwenye tatu kwa nane wote 16, tano kwa nane wote 11, robo tatu wote 10. Idadi sawa! Kwenye nusu inchi tu ndo mmoja ana 12 mwingine ana 13. Yaani katika saizi zote za kawaida mimi nikaangukia kwenye ile inayosaliti.

Kwa hiyo dogo, na wengine wote, saizi peke yake haikwambii kitu. Kabla ya kununua dai jua unene NA jua meno. Geji ya thredi ni kile kidude chenye majani majani kama vitana, sio hela nyingi, kinunue kabla ya dai yoyote. Kama huna, chukua rula, hesabu meno kumi (nafasi kumi, jino mpaka jino), upime urefu wake. Kwenye M12 ya kawaida (bolti ya unene wa milimita 12) kumi ni milimita 17.5, kwenye nusu inchi ya Kimarekani ni 19.5, ya Kiingereza inafika 21 na kidogo. Hiyo tofauti unaiona kwa macho ya kawaida, mimi sikuangalia tu.

Na hata ukisema nakata za milimita tu, bado. M10 kuna ya 1.5 na kuna ya 1.25 (ni milimita kutoka jino mpaka jino), na kwenye magari hiyo 1.25 utakutana nayo sana. M12 kuna 1.75, kuna 1.5, kuna 1.25. Boksi la vipande 40 lina nini ndani? Mara nyingi vidude vingi ambavyo hutavigusa maisha yako yote, na kile unachokitaka hakimo au kimo na hakikati. Langu M12 iliisha makali kwenye stadi ya sita, ikawa haikati inasaga. Dai nzuri inatoa vinyoya vya chuma vimejikunja, mbovu inatoa unga na thredi zinatoka zimechanika kama nguo iliyopita kwenye seng'enge. Nunua dai moja moja, ile unayoihitaji, iliyoandikwa HSS (chuma kigumu cha kukatia), ya duara yenye mpasuko pembeni. Moja tu inaweza ikakukata bei mpaka ukaguna. Guna, halafu lipa.

Huo mpasuko ndo raha yenyewe. Mpini wake una skrubu, ya katikati inaingia kwenye mpasuko inaipanua dai, mbili za pembeni zinaibana. Unaanza imepanuka, unakata, unajaribu nati, ikibana unalegeza ya katikati unakaza za pembeni kidogo, unapita tena. Mpaka nati ishuke kwa vidole. Kwa vidole, sio kwa bomba. Zile dai za pembe sita zinazofanana na nati, kazi yake ni kusafisha thredi zilizoumia, watu wanazinunua wakidhani ndo za kukatia halafu wanalia.

Chuma chenyewe nacho kipunguze kidogo, kwa M12 mimi napeleka 11.8, nachonga ncha kwa grenda iwe na mteremko, naanza na upande wa dai wenye maandishi, mafuta ya kutosha, nusu raundi mbele robo nyuma. Na jamani nondo muache kwenye zege. Mtu anachukua nondo ya 12 ina mabaka yake anataka akate thredi, akivunja dai anamlaumu Mchina. Mafundi bomba mna dai zenu, bomba la nusu inchi kwa nje lina karibu milimita 21, msije mkanunua hiyo kwa ajili ya bolti, nimeshaona.

Vijana tunapenda njia ya mkato, ndo ukweli wenyewe. Tunataka boksi linalong'aa, tunataka status, hatutaki kuhesabu meno kumi kwa rula. Mtu anaona aibu kumuuliza fundi mzee swali la dakika mbili, halafu analipa hela ya wiki nzima. Nasema hivi nikijisema mwenyewe, msinune.

Mwezi uliopita yule mzee karudi. Sikutegemea. Kaingia getini, "Kamwene", kaweka stadi mezani, ya mashine ileile, upande mwingine. "Raundi Tatu, hii itafika mpaka chini?" Sikujibu. Nilihesabu meno mbele yake, kumi, 21 na kidogo, nikatoa dai ya Whitworth ambayo niliagiza baada ya yale yote na ilikuwa inakaa kwenye soksi yenye mafuta ikisubiri siku hiyo. Nikakata, nikafuta, nikampa stadi na nati yake ya zamani azungushe mwenyewe. Alizungusha kwa vidole viwili mpaka ikagota. Akairudisha juu, akaishusha tena. Akasema tengeneza nane.

Dogo wa Makambako, hiyo 65,000 usiitoe kwanza. Nitumie picha ya bolti ya kwanza unayotaka kuikata, na uweke rula pembeni.