Kabla hujalaumu pedi, itazame kalipa

Gari langu la kwanza, Corolla ya mtumba, lilikuwa linakula pedi za breki za mbele upande wa abiria kama bisi. Za upande wa dereva bado nene, za huku zimebaki bati tupu. Nilibadilisha mara 2. Siku moja nimetoka Kibaha, nikasogeza mkono kwenye ringi: upande mmoja vuguvugu, wa pili mkono haukai. Kumbe kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, ilikuwa imejamu, na mimi namtajirisha muuza pedi.

Wewe unayeanza, elewa hili kabla ya kushika spana. Ndani ya kalipa ya kawaida hakuna springi ya kurudisha pistoni, ile inayosukuma pedi. Kinachoirudisha ni mpira mmoja wenye kingo za mraba, umekaa kwenye mfereji wake na kuizunguka pistoni. Ukikanyaga breki mpira unapinda, ukiachia unajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kiasi cha unywele tu. Mpira ukikakamaa, au kutu ikiota kwenye mfereji, pedi inasugua diski safari nzima. Na ukikuta gurudumu hilohilo pedi ya ndani imekwisha na ya nje nzima, usikimbilie pistoni. Chomoa kwanza zile pini ambazo kalipa huteleza juu yake, mara nyingi zimekauka grisi.

Jeki peke yake usiiamini. Weka stendi, zuia matairi ya nyuma. Kalipa ifunge kwa waya, isining'inie kwenye hosi yake, ile bomba la mpira linaloleta mafuta ya breki. Kutoa pistoni, mimi hutumia pedeli hosi ikiwa bado imefungwa: pedi zimetoka, kipande cha ubao katikati, beseni chini, mtu anakanyaga taratibu. Kompresa inafanya kazi, ila pistoni hutoka kama jiwe la manati, na kidole kikiwa njiani shauri yako.

Mpira wa zamani ung'oe kwa kijiti. Mimi huchonga cha mshikaki, maana bisibisi inachubua mfereji. Kisha pitisha ukucha juu ya pistoni. Ukikwama kwenye shimo la kutu, nunua nyingine, usidanganyike na msasa. Osha kwa spiriti, na mpira mpya uupake mafuta ya breki pekee. Petroli, mafuta ya taa, grisi ya kawaida: mpira unavimba na umerudi ulikoanzia. Pini zipake grisi ya silikoni. Washa za shaba za hosi weka mpya.

Mara yangu ya kwanza nilifungua kalipa zote mbili kwa pamoja, nikazifunga. Nikaanza kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki, kijana wa jirani anakanyaga, mimi nafungua nati. Tukaenda hivyo hadi adhana ya Isha, chupa nzima imekwisha, pedeli bado laini kama godoro. Fundi mmoja mzee akapita, akachungulia, akacheka. "Kijana, upepo unakaa juu au chini?" Nilikuwa nimebadilisha kulia na kushoto, kwa hiyo nati za kutolea upepo zilikuwa zimetazama chini. Tangu siku hiyo nafungua upande mmoja, namaliza, ndipo naenda wa pili.

Aina ya mafuta ya breki isome kwenye kifuniko cha tangi lake. Kama ni DOT 3, usichanganye na DOT 5, hiyo ni ya silikoni. Chupa iliyokaa wazi miezi stoo iache: mafuta haya yanavuta unyevu wa hewa, na DOT 3 inayochemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi ikiwa haina unyevu inaweza kushuka hadi 140. Yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji haraka.

Kabla hujasogeza gari, pampu pedeli mpaka iwe ngumu, maana kanyago za mwanzo zitazama hadi chini. Zunguka mtaa polepole ukifunga breki mara kwa mara, kisha shuka usogeze mkono kwenye ringi zote mbili. Zikiwa na joto moja, kanawe.