Shilingi yoyote inatosha, ila iachwe ianguke chini

Swali lenu la wiki hii mmeuliza kama waamuzi wa mpira wapewe sarafu maalum ya kurusha kabla ya mechi au waendelee na shilingi za mfukoni. Jibu langu fupi ni kwamba za mfukoni zinatosha, na kama kuna hela ya kutengeneza sarafu maalum basi iende kwenye nauli za marefa wa wilayani ambao kuna mechi wanachezesha kwa soda moja na ahsante. Ila hili jambo la shilingi nimekaa nalo miaka, na naona mmeuliza cha pembeni. Mmeuliza irushwe shilingi gani wakati ishu ni inarushwaje na nani anaiona ikitua.

Tuanze na sheria maana wengi wanaongea bila kuifungua. Sheria ya 5 imetaja vitu ambavyo refa lazima awe navyo uwanjani: filimbi, saa, kadi nyekundu na ya njano, na kijitabu cha kuandikia. Sarafu haimo. Sarafu unaikuta sheria ya 8, kwenye kuanza mchezo, na hata pale hawajasema iwe ya nchi gani wala ukubwa gani, wamesema irushwe, basi. Tangu msimu wa 2019/20 anayeshinda anachagua goli la kushambulia au anachagua kuanza na mpira, zamani kidogo, tangu 1997, alikuwa anachagua goli tu na mwenzake ndiye anaanza. Na mechi ikifika penalti shilingi inarudi tena mara 2, ya kwanza goli lipi litumike na ya pili kujua nani anachagua kupiga kwanza au pili. Kwahiyo hicho kitu ambacho hakimo kwenye orodha ya vifaa kinaweza kurushwa mara 3 au zaidi kwenye mechi moja ya fainali.

Kuna yule refa wa Uingereza, David McNamara, Oktoba 2018, ligi kuu ya wanawake, Manchester City na Reading, alisahau sarafu chumbani na mechi iko mbashara kwenye TV, akawaambia makapteni wacheze mkasi, karatasi na jiwe. FA, chama cha mpira cha kule, wakamfungia siku 21. Watu wengi walimwonea huruma wakasema adhabu kubwa kwa kosa dogo, mi nasema hapana, ilikuwa haki yake. Uwanja ule ulikuwa na madaktari, makocha, wapiga picha, watu jukwaani, angeomba sarafu kwa yeyote, angepewa. Kwenye mkasi na karatasi mtu anamsoma mwenzake, mwenye akili nyepesi anapata, kwenye shilingi hakuna ujanja, kapteni wa timu kubwa na kapteni wa timu iliyopanda daraja jana wako sawa kabisa kwa sekunde 2 au 3. Hakuna dakika nyingine kwenye mpira iliyo hivyo.

Na wanaosema sarafu maalum ndiyo dawa wakumbuke Liverpool na Köln, Machi 1965, robo fainali ya Klabu Bingwa Ulaya. Walitoka 0-0 mara 2, wakaenda kurudiana Rotterdam wakatoka 2-2, refa akatoa kisahani cha rangi mbili, nyekundu na nyeupe. Kitu maalum hicho, si shilingi ya mfukoni. Kikaenda juu kikashuka kikasimama wima kwenye tope! Ikabidi kirushwe tena, Liverpool wakapita. Miaka mitatu baadaye, Juni 1968, Italia na Umoja wa Kisovieti nusu fainali ya Ulaya pale Naples, 0-0 mpaka dakika 120, hawakurushia hata uwanjani, waliingia ndani vyumbani na kapteni wa Italia Facchetti akachagua upande akapata, na mashabiki kule nje wanasubiri waambiwe. Italia wakaenda kuchukua kombe. Hapa kwetu mtu wa Yanga mwenye umri wake ukimtajia 1969 anakumbuka Asante Kotoko ya Ghana, 1-1 nyumbani, 1-1 ugenini, Kotoko wakapita kwa kura ya bahati. Mwaka 1970 ndiyo penalti za kuamua mshindi zikaingizwa kwenye sheria na ule mtindo ukaanza kufa. Lakini ona, hiyo ya Naples ndiyo inayoniuma kuliko ya Rotterdam, maana Rotterdam kilisimama kwenye tope kila mtu anaona kimesimama kwenye tope, hakuna wa kubisha.

Sasa nitoe mfano ninaoujua vizuri, nilikuwepo nimeshika kibendera. Muheza, 2016, fainali ya kombe la mbuzi, uwanja wa shule ya msingi. Goli moja liko mashariki jingine magharibi, na huko magharibi ndiko iliko milima ya Amani, kwahiyo jioni kipa anayesimama goli la mashariki analiangalia jua uso kwa uso mpaka lizame nyuma ya milima. Kwenye uwanja kama ule kuchagua goli si mapambo, ni nusu ya mechi. Wale wanaocheza usiku chini ya taa hawawezi kujua.

Mechi ilipangwa saa kumi na nusu, dakika 35 kila kipindi. Refa alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake, nusu ya wachezaji aliwafundisha yeye na waliobaki aliwafundisha kaka zao. Akaita makapteni katikati, akapapasa mfuko wa bukta, hamna, akapapasa wa pili, filimbi ya akiba na kadi tu. Akatembea mpaka kwenye mstari kwa mama mmoja muuza karanga, "Dada yangu, niazime shilingi yoyote." Yule mama akafungua fundo la khanga akampa ya mia mbili.

Sasa mia mbili mnaijua, upande mmoja Mzee Karume, upande mwingine simba. Na kapteni wa timu ya stendi alikuwa Yanga damu damu, wa upande wa pili, vijana wa mashamba ya mkonge, alikuwa ameingia na soksi za Simba kabisa.

Mwalimu akamwambia wa stendi, "Chagua wewe. Kichwa au simba?"

"Kichwa, Mwalimu. Hilo jingine silitaji."

Watu wa karibu wakacheka, yeye hakucheka. Mwalimu akarusha. Pale katikati nyasi zilikuwa zimekwisha, mchanga mtupu na vichaka vichache, shilingi ikashuka ikaingia mchangani ikalala ubavu, imeegemea shina la nyasi. Nilikuwa hatua 2 nikaiona ilivyolala lakini upande upi ulikuwa juu zaidi sikuuona, maana Mwalimu aliinama hapohapo akaiokota akaifuta mchanga kwa kidole gumba akasema, "Simba."

Kapteni wa stendi akabaki anaangalia mchanga. Halafu akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mwalimu, shikamoo yako naitunza, lakini mimi sijaona."

"Nimeona mimi."

"Ungeiacha chini tukaiona wote watatu."

"Kwahiyo mwanangu unaniambia mimi nasema uongo?"

Na hapo ndiyo ikaharibika, kwa sababu swali lile halina jibu. Kijana akisema ndiyo amemtukana mzee mbele ya kijiji, akisema hapana amekubali kitu ambacho hakukiona. Akanyamaza, akakaa chini palepale katikati, na wenzake walipoona kapteni kakaa na wao wakakaa. Mashabiki wakaingia uwanjani. Wa stendi wanasema refa ni Simba, wa mkonge wanasema hawa wanaogopa mechi, kuna mtu akaanza kumfungua mbuzi wa zawadi aondoke naye, yaani kelele juu ya kelele na kipira hakijaguswa hata mara moja. Mwalimu amesimama ameikunja ile shilingi mkononi hataki hata kuionyesha. Nadhani alikuwa ameumia kuliko wote.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa kamati, akaja polepole akamshika Mwalimu mkono, "Mwalimu, hakuna asiyekuamini hapa. Rusha nyingine tu, wote waone." Yule mama wa karanga akatoa ya mia, ile yenye Mwalimu Nyerere upande mmoja na swala upande wa pili, na swala hana timu. Wakasogea pembeni pakavu pagumu, mzee akawaambia makapteni waweke mikono nyuma, mtu asiguse. Kijana akachagua kichwa tena. Ikarushwa, ikadunda mara moja, ikalala chali, swala juu. Wakainama wote watatu na mimi nikainama, tukaangalia muda mrefu tu. Kijana wa stendi akasimama akampa mwenzake mkono, hakusema neno. Amepoteza mara 2 kwa shilingi 2 na ya pili kaikubali hapohapo kwa sababu ameiona kwa macho yake.

Lakini muda ulikuwa umeshakwenda, zaidi ya nusu saa. Mechi ingeanza kwa wakati, kipa wa goli la mashariki kipindi cha kwanza angekuwa na jua bado liko juu kidogo, la kuvumilika, na kipindi cha pili wakibadilishana ndipo kipa mwingine angepata lile la saa kumi na moja na nusu linalochoma jicho. Sasa tumeanza saa kumi na moja imeshapita, kapteni wa mkonge ana akili, akachagua kuanza na jua mgongoni. Kipa wa stendi akacheza dakika 35 mkono mmoja uko kwenye paji la uso, wakafungwa 2 za mipira ya juu ambazo siku nyingine angezidaka. Wakabadilishana, na wenzao walipofika goli la mashariki jua likaingia nyuma ya milima. Ikaisha 2-1. Wale vijana wa stendi walikuwa na haki kabisa ya kudai waone, na kudai kwao ndiko kulikowakosesha mbuzi, na hakuna mtu aliyefanya ubaya pale, hakuna, ni mkono uliookota mapema tu.

Ndiyo maana nasema ningekuwa na mamlaka jambo la kwanza ningewaambia marefa wote kuanzia kata mpaka taifa ni hili: usiidake hewani, usiifunike kwenye mgongo wa mkono, usiiokote mpaka makapteni wote wawili wameitamka wao wenyewe. Ikilala ubavu, rusha tena bila kuulizwa. Huko kwenye TV naona wengine wanaidaka halafu wanafunua kama wachezaji wa karata, kwangu hilo ni kosa hata kama hakuna anayelalamika.

Hapa nilipofika naona jibu langu la mwanzo limelegea, na sitaki kulirekebisha lionekane lilikuwa hivi tangu juu. Kwa sababu nikiiangalia ile siku ya Muheza tena, kile kisahani cha Rotterdam kingetusaidia. Kingekuwa kikubwa, nyekundu huku na nyeupe kule, hata kikilala ubavu mchangani mtu wa hatua 2 anaona rangi gani imeangalia juu. Kapteni wa Yanga asingelazimishwa kuchagua kati ya kichwa na simba. Na Mwalimu asingeenda kuomba, kingekuwa kwenye mfuko mmoja na filimbi na kadi. Mtu atasema mbona hata sarafu nyingine zipo, kuna mia tano ya nyati, kuna hamsini ya faru, sawa, lakini siku hiyo mfuko ulikuwa mtupu na khanga ilitoa ilichotoa.

Kwahiyo andikeni kwamba nimesema ndiyo, wapewe. Ila kwa masharti. Refa asikatwe hata shilingi kumi kwa ajili yake. Kisiwekwe nembo ya mdhamini upande mmoja maana tutarudi kulekule, mdhamini akiwa ndiye mdhamini wa timu moja itakuwaje. Kisiwe na rangi zinazogombana na jezi zetu, nyekundu na kijani msithubutu, na nikifikiria vizuri hata ile nyekundu niliyoitaja hapo juu naifuta, weka nyeusi na nyeupe. Kikisahaulika nyumbani mechi isisubiri, refa aombe shilingi na arushe pagumu. Na wapewe kwanza wa kata na wa mashindano ya mbuzi, wale wa Ligi Kuu wasubiri, wana kamishna, wana mwamuzi wa akiba, wana kamera, shilingi hawaikosi.

Msomaji, Muheza