Maswali ya Wasomaji: Mswada, Mkataba na Haki ya Mwandishi wa Riwaya

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza mswada wa riwaya yangu ya kwanza, unaosimulia maisha ya binti wa mkulima wa pamba. Marafiki zangu wameusoma na wote wanasema kisa ni kizuri ila kinachosha, lakini hakuna aliyeweza kunionyesha kinachosha wapi. Aya ya kwanza ni hii: “Neema alikuwa msichana mrembo sana mwenye tabia njema. Siku hiyo aliamka mapema, alipiga mswaki, alioga, alivaa, alikunywa chai na alitoka kwenda stendi. Alikuwa na huzuni kubwa kwa sababu baba yake alikuwa ameuza shamba.” Je, niupeleke kwa mchapishaji hivi ulivyo, ili mhariri wake aurekebishe? — *Msomaji, Shinyanga*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiupeleke bado. Mhariri huboresha mswada ambao mwandishi wake ameshafikia mwisho wa uwezo wake; hakuajiriwa kukuandikia riwaya, na meza yake ina miswada mingine mingi inayomsubiri. Aya ya kwanza ikimpotezea muda, huenda asifike kwenye sura ya tatu ambako, nina hakika, kisa chako kinaanza kunoga.

Katika aya hii kuna habari moja tu, nayo umeiweka mwishoni kabisa: baba ameuza shamba. Yote yanayotangulia yangeweza kusemwa juu ya msichana yeyote katika riwaya yoyote. Urembo usio na sura hauonekani, na hakuna msomaji anayehitaji kuambiwa kwamba mtu akiamka hupiga mswaki, isipokuwa pale ambapo mswaki wenyewe una jambo.

Kuna pia suala la vitenzi. Umeandika vitenzi sita mfululizo vyenye -li-, na kila kimoja kinamsimamisha msomaji na kumwanzisha upya. Msimulizi wa Kiswahili hufungua kwa -li- kisha hutiririka kwa -ka-: aliamka, akaoga, akatoka. Bibi zetu hawakufundishwa kanuni hiyo darasani, na sijawahi kumsikia hata mmoja akiikosea. Sisi tuliosoma ndio tunaoipoteza tunaposhika kalamu, labda kwa sababu ya insha za shuleni na taarifa za ofisini. Hata hivyo, -ka- peke yake haitakuokoa, kwa kuwa orodha ya shughuli za asubuhi itabaki kuwa orodha.

Jaribu kuanza na jambo lenyewe, kwa namna kama hii: “Karatasi ya mauziano ya shamba ilikuwa imekunjwa chini ya kopo la sukari. Neema aliisoma, akairudisha palepale, akanywa chai yake bila sukari. Baba alipotoka chumbani, alimpisha kiti, akageukia dirishani.” Neno huzuni halimo. Zaidi ya hilo, shikamoo haimo. Msomaji aliyelelewa katika nyumba zetu atashtuka mara moja kwamba binti hakumwamkia baba yake, na atajua uzito wa jambo hilo bila kuelezwa. Ukiongeza sentensi ya kumwambia kwamba Neema alikuwa na hasira, utakuwa umemnyang’anya alichokigundua mwenyewe. Sikupi aya hii uinakili. Nataka upitie mswada wako na kutafuta kila mahali ulipotaja hisia kwa jina, ujiulize mhusika huyo angefanya nini, au angeacha kufanya nini, mbele ya mtu anayemheshimu.

Usomaji huo uufanye kwa sauti, tena baada ya kuuweka mswada kando kwa wiki kadhaa. Mahali ambapo ulimi wako unakwama, au ambapo unajikuta unaruka mistari bila kukusudia, ndipo marafiki zako walipochoka.

SWALI: Kampuni moja imenijibu kwamba imeupenda mswada wangu na itauchapisha iwapo nitalipia gharama zote. Nitapewa nakala zangu niziuze mwenyewe, lakini mkataba unasema haki zote za kitabu zitakuwa za kampuni. Je, huu ndio utaratibu wa kawaida? — *Msomaji, Mombasa*

JIBU: La, ndugu yangu, na usitie saini. Kulipia upigaji chapa wa kitabu chako si aibu wala si kosa. Waandishi wengi wa Afrika Mashariki wamefanya hivyo, na wengine wamefanikiwa. Kosa liko kwenye kubebeshwa gharama na kunyang’anywa mali kwa wakati mmoja. Mchapishaji anayestahili kupewa haki za kitabu ni yule anayetoa fedha zake kwa uhariri, jalada, upigaji chapa na usambazaji, kisha akakulipa mrabaha, yaani fungu lako la mauzo, kwa kila nakala inayouzwa. Ukilipa wewe, basi umenunua huduma, na haki zote zinapaswa kubaki mikononi mwako.

Hata ukimpata mchapishaji wa kweli, soma kifungu cha mrabaha ukiwa na kikokotoo mkononi. Asilimia 10 ni kiwango kinachotajwa mara nyingi, lakini uliza ni asilimia 10 ya nini. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 600. Mrabaha ukipigwa juu ya bei ya jalada, utapata shilingi 60 kwa kila nakala. Ukipigwa juu ya fedha anazopokea mchapishaji baada ya duka kupewa punguzo la, tuseme, asilimia 35, hesabu itaanzia shilingi 390 nawe utapata 39. Kwa nakala 1,000, tofauti ni shilingi 21,000, na mkataba wenye kiwango kilekile unaweza kuwa wa aina yoyote kati ya hizo mbili. Angalia pia kama haki za tafsiri, filamu na kitabu cha kusikiliza zimechukuliwa bila kutajiwa malipo, na kama kuna kifungu kinachokurudishia haki zako kitabu kitakapokwisha madukani bila kuchapwa tena.

Usishangae kwamba wachapishaji wengi wanasita kuchukua riwaya ya mtu asiyejulikana. Biashara yao hapa kwetu inasimama juu ya vitabu vya shule, ambavyo nchini Kenya huidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Riwaya ikiteuliwa kutahiniwa huuzwa kwa wingi, na isipoteuliwa hutegemea wasomaji wachache wenye hamu na fedha. Ukiamua kujichapishia, anza na nakala chache, na kama bajeti yako ni finyu, mlipe mhariri kwanza kabla ya msanifu wa jalada. Najua wauza vitabu watanipinga kwa hilo.

SWALI: Ninaogopa kutuma mswada wangu popote kwa sababu unaweza kuibwa. Nafikiria kuchapa nakala 200 haraka ili nijilinde, kisha niushindanishe katika tuzo. Unanishauri nini? — *Msomaji, Tanga*

JIBU: Nakala hizo hazitakupa ulinzi ambao huna tayari. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, hakimiliki ya maandishi ni yako tangu unapoyaandika, na hudumu katika uhai wako wote na miaka 50 baada ya kifo. Kusajili kazi COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kunakusaidia kuwa na ushahidi siku ya mgogoro, kama zinavyosaidia rasimu zako zenye tarehe na barua pepe ulizotuma. Kisichokingwa na sheria ni wazo tupu. Kisa cha kijana anayetoroka kwenda mjini hakina mwenyewe, na mtu mwingine akikiandika kwa maneno yake hajakuibia.

Kuhusu tuzo, haraka hiyo inaweza kukudhuru. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023, imelenga miswada ambayo bado haijachapishwa. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, imekuwa ikipokea miswada pamoja na vitabu vilivyochapishwa karibuni. Kwa hiyo nakala 200 za kugawia jamaa na marafiki zinaweza kukufungia mlango mmojawapo. Soma masharti ya mwaka husika, uutume mswada ukiwa haujachapwa, na uende kwa mpiga chapa baada ya matokeo kutoka.