Jibu: Madeni ya samaki, usingizi, na hao Wastoa

Pole sana mdogo wangu, nimekusoma. Wateja wa samaki hapo soko la Deep Sea wanakopa hawalipi, usiku hulali, rafiki kakuambia usome Wastoa, wale wanafalsafa wa zamani waliofundisha kutulia kwenye shida, na unajiuliza mambo ya kale ya Wagiriki yatakusaidia nini Tanga. Yanasaidia, mimi nilikopesha dagaa mpaka mtaji ukakata.

Epictetus, mmoja wa hao Wastoa, alizaliwa mtumwa, na alichofundisha sana ni hiki, tenga yaliyo mikononi mwako na yasiyo. Mteja kulipa au kutolipa haiko kwako, ya kwako ni kukopesha au kukataa, daftari lako na maneno utakayomwambia, kwa hiyo asubuhi kabla hujashuka sokoni andika leo unamfuata nani halafu jiambie kabisa kuna atakayekuzungusha, hata Mstoa mwingine, Marcus Aurelius aliyekuwa mtawala wa Roma, alijiandaa hivyo hivyo kukutana na wasumbufu.

Ila usichanganye na kumeza machungu, hapana! Haki yako idai, deni kubwa lenye maandishi lipeleke serikali ya mtaa. Na usingizi usiporudi wiki mbili nenda hospitali ya Bombo ukaonane na daktari, ukianza kuwaza kujidhuru usingoje hata siku moja.